Sauti ya Majaribio

Zaituni alinipigia simu asubuhi nikiwa natafuta miwani yangu chini ya kitanda. "Deo, Mama Feza ametuacha," alisema. "Wanazika leo mchana, kule Katanika. Papa Anselme naye anakuja." Mji wetu si mkubwa, lakini watu watatu wakitaka kukwepana wanaweza, na sisi tulikuwa tumekwepana vizuri kwa karibu miaka tisa: salamu za sikukuu kwenye simu, mkono ukiinuliwa kutoka ng'ambo ya barabara, basi. Nilikaa kitandani na kiatu kimoja mguuni, nikajisikia nimechoka ule uchovu ambao usingizi hauondoi. Mtu akiniuliza ni nini kilichonifanya niwe huyu niliye, mwalimu wa kompyuta asiyependa kuongea mbele ya watu, sitamweleza habari za wazazi wangu wala shule nilizosoma. Nitamweleza mwaka mmoja tu, ule niliofanya kazi kwenye biro, yaani ofisi, ya Papa Anselme karibu na stesheni, mwaka watu wa Nyunzu walipoingia Kalemie wakikimbia vita na magodoro yao kichwani.

Biro yetu ilikuwa nyumba ya zamani ya wafanyakazi wa reli: vyumba vitatu vyenye dari ya juu mno, sakafu ya simenti nyekundu iliyopasuka, na baraza lililotazama ziwa kupitia mapaa ya watu wengine. Chumba cha mbele kilikuwa cha wateja. Cha katikati kilikuwa na meza moja ndefu, na hapo ndipo tulipofanyia kazi na kulia chakula. Cha nyuma kilikuwa cha betri na nyaya, na mtu akikaa humo nusu saa alitoka amelowa jasho. Tulitengeneza kurasa za mtandao za wauza vitenge na wauza ndagala, dagaa wa ziwa letu, mabango ya makanisa, matangazo ya harusi, video fupi za mashirika zinazowahimiza watu kunawa mikono. Papa Anselme, shefu wetu, yaani mkubwa wa kazi, alikuwa na miaka arobaini na kitu. Alishafanya kazi kwenye kampuni kubwa Lubumbashi, akarudi na kompyuta tano zilizotumika na imani kwamba hata Kalemie panaweza kuvumbuliwa kitu. Zaituni ndiye aliyeandika programu. Alitoka kwenye familia za Waislamu wa zamani wa mjini, wale ambao babu zao walifanya biashara ng'ambo ya ziwa, na kazi yake alijifunza Kigoma kwa shangazi yake. Mimi nilikuwa mtu wa maneno. Niliandika matangazo, na kwa kuwa nina koo linalotii, niliyasoma pia. Niliweza kuiga usemi wa Moba, wa Mpala, wa Nyunzu, wa padri, wa mzee asiye na meno. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa na nilijiona nina kipaji.

Desturi ya biro ile sijaiona mahali pengine. Kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana kazi za wateja zilifungwa, na kila mmoja alifanya analotaka yeye, hata kama halina mteja wala maana. Papa Anselme aliziita saa za kujaribu. Saa kumi tulikaa mbele ya ukuta mweupe, tukawasha projekta, tukaonyeshana. Sheria ilikuwa moja, imeandikwa kwa wino mzito kwenye kipande cha katoni kilichopigiliwa msumari mlangoni: Ijumaa hakuna anayekataa. Huruhusiwi kusema kitu hakitafanya kazi, huruhusiwi kuuliza kitamfaa nani, huruhusiwi hata kukunja uso. Unapiga makofi, unataja ulichopenda, mnakula. Papa Anselme alisema kule Lubumbashi aliona vijana wenye akili wakizimwa na neno moja la mkubwa, naye hakutaka hilo litokee nyumbani kwake. Nilimpenda kwa ajili ya sheria ile. Leo naona haya kuiandika, lakini ni kweli, sijawahi kufanya kazi mahali pengine ambapo niliamka nikitamani kwenda.

Tulijaribu mambo ya kipuuzi kweli. Papa Anselme alitengeneza programu ya kukisia siku ambayo treni ya Kabalo itafika. Aliilisha tarehe za miezi kadhaa, na mwishowe ikawa inajibu "haijulikani" kila ukiiuliza, tukakubaliana kwamba imefaulu. Zaituni aliifundisha mashine kutambua samaki kwa picha. Siku ya kuonyesha alielekeza kamera vibaya, mashine ikatazama upara wa shefu na kusema ni mkebuka aliyekaushwa. Papa Anselme alipiga makofi kama sheria inavyotaka, kisha akataja alichopenda: kwamba angalau ni samaki wa bei. Mimi nilitengeneza saa ya kumwamsha mtu kwa kumsuta kwa sauti ya mama mkwe. Tulicheka mpaka wapita njia wakachungulia. Halafu Mama Feza aliingia na bukari, ugali wa kwetu, sufuria ya sombe ya majani ya muhogo na sahani ya mikebuka, akatutazama, akasema, "Hawa watoto wa biro, akili yenu njo inaisha polepole."

Mama Feza alikuwa mpishi wetu. Alitoka kijiji cha upande wa Nyunzu, alikimbia na mdogo wake, Mama Ndaya, wakafika Kalemie kwa miguu na kwa malori, wakapewa hema Katanika pamoja na wengine. Papa Anselme alimkuta akiuza maandazi mlangoni kwa stesheni akamwita aje kutupikia. Jiko lake lilikuwa nyuma ya nyumba chini ya bati, dirisha la chumba cha betri likiwa juu yake, na mimi nilipenda kurekodia sauti chumba kile kwa sababu kuta zake zilikuwa nene. Kwa hiyo nilimsikia. Alizungumza na Mama Ndaya, aliyekuja kumsaidia kuchambua mboga, na mara nyingi alizungumza habari za mwanaye wa pekee, Ilunga, waliyepotezana naye siku ya kukimbia. Alikuwa fundi wa baiskeli. "Ilunga yangu, bukari ikipoa kidogo tu, hashiki," alimwambia mdogo wake siku moja. "Anasema, mama, mimi niko fundi wa velo, siko fundi wa kutafuna mawe." Wakacheka wote wawili, kisha nikasikia tu kisu kikikata mboga kwenye ubao. Nilikumbuka maneno yale ya mawe. Kazi yangu ilikuwa kukumbuka maneno ya watu, na sikuwahi kujiuliza kama ni mali yao.

Sanduku la sauti lilikuwa wazo la Zaituni. Alikwenda Katanika na wanawake wa msikitini kupeleka nguo, akaona akina mama wakipita hema kwa hema wakitaja majina ya watoto wao. Ijumaa iliyofuata alituonyesha michoro. Mtu aliyepotezana na wake atapiga namba moja, ataacha sauti yake: mimi ni fulani, nimetoka pale, niko hapa, namtafuta huyu. Anayetafuta atapiga namba ile ile, atataja jina, atasikilizishwa. Haikuhitaji kusoma wala simu ya maana. Tulipiga makofi, na safari hii hatukupiga kwa sababu ya sheria. Kwa wiki sita tuliijenga kila Ijumaa, halafu tukaanza kuiba na Alhamisi. Papa Anselme alipata mgeni kutoka shirika moja, aliyekubali kuja kuitazama, na kama ingempendeza angelipia laini na mashine. Bila yeye sanduku lingebaki kwenye ukuta wetu pamoja na treni na samaki.

Shida ilikuwa kwamba sanduku lilikuwa tupu. Laini haikuwa imefunguliwa, hakuna mtu aliyeacha sauti, na huwezi kumwonyesha mgeni sanduku lisilo na kitu. Kila anayefanya kazi yetu anajua tufanyavyo: unajaza kwanza vitu vya kubuni ili kitu kionekane kinafanya kazi, ukimaliza unavifuta. Tulifanya hivyo kwa maduka, kwa hoteli, hatukuona tofauti. Niliandika sauti kumi na moja. Zaituni alisoma za wanawake, Papa Anselme za wazee, mimi za vijana. Tulitoka barazani mbele na simu mbovu ili sauti zikwaruze kama zinatoka mbali. Ya mwisho niliiandika haraka, dakika chache kabla ya chakula, na sikuitafuta mbali. Nilishika simu, nikavaa usemi wa Nyunzu, nikasema: "Mimi njo Ilunga, fundi wa velo. Niko Kabalo, niko muzima. Ninamutafuta mama yangu. Mumuambie bukari ya baridi bado inanishinda, mimi siko fundi wa kutafuna mawe." Niliirudia mara mbili hadi nikaridhika. Jina Ilunga ni la watu wengi kwetu, nilijiambia. Ukweli ni kwamba nililichagua kwa sababu lilikuwa tamu na lilikuwa tayari mdomoni mwangu.

Zaituni aliisikiliza kwa vipokea sauti vya masikioni, akaniangalia. Ninaukumbuka uso wake vizuri kuliko ninavyokumbuka uso wangu wa wakati ule. Alifungua mdomo, kisha akageuka kuutazama mlango wenye katoni, na akafunga. "Nimependa sauti inavyokwaruza," alisema. Ilikuwa Ijumaa.

Mgeni alifika saa tisa na nusu, mama mmoja mpole wa Kinshasa aliyezungumza Kifaransa na Kiswahili cha kujifunza. Alikaa kwenye kiti kizuri, Papa Anselme akaeleza, Zaituni akawasha. Ili kuonyesha, alitafuta jina moja la kike, tukasikia sauti yake mwenyewe ikimtafuta dada. Mgeni alitikisa kichwa kukubali na kuandika kitu. Papa Anselme akasema, weka na ya kijana. Vipaza sauti vilikuwa vikubwa, vya harusi, tuliviazima kwa mteja. Sauti yangu ikajaa chumba kizima na kutoka barazani. Nilikuwa natazama uso wa mgeni kuona kama maneno ya mawe yatamgusa, na yalimgusa, alitoa leso. Ndipo niliposikia sahani zikianguka. Mama Feza alikuwa mlangoni. Alikuwa ameleta chakula cha mgeni. Hakulia wala hakupiga kelele. Alikaa chini pale pale kizingitini, katikati ya bukari na vipande vya sahani, akasema kwa sauti ndogo, "Ni yeye. Iko Kabalo. Murudishe, nisikie tena."

Hapa ndipo napaswa kusema nilisimama nikaongea. Sikusimama. Zaituni aliirudisha, kwa sababu aliombwa, vidole vyake vikifanya kazi kabla ya akili. Mama Feza alisikiliza akiwa ameshika kidevu. Mgeni alipiga magoti karibu naye, akamshika mabega, akatugeukia na machozi yakimtoka: mama huyu amempata mtoto wake leo, mbele ya macho yangu. Tulikuwa watu watatu wazima katika chumba kile tulioujua ukweli. Nilimtazama Papa Anselme, Papa Anselme akamtazama Zaituni, Zaituni akanitazama mimi. Tulikuwa tumejizoeza miezi kadhaa, kila Ijumaa saa kumi, kutomkatalia mtu, na mazoezi yale yalitushika vizuri. Mgeni akaondoka akiwa ameahidi kila kitu. Mama Feza alifunga kitambaa chake, akaondoka mbio kwenda Katanika kumwambia mdogo wake, na kabla ya jua kushuka tulisikia kwamba hema lao limejaa watu wanaoimba.

Tulibaki mezani bila kula. "Nitazungumza naye mimi," Papa Anselme alisema hatimaye. "Mimi njo mukubwa hapa. Jumatatu, polepole. Ninyi musimwambie kitu, mutamuumiza bure." Nilishukuru. Nasema wazi kwamba nilichosikia moyoni mwangu kilikuwa nafuu, wala sikujua kujionea aibu. Zaituni alikwenda kwenye kompyuta akafuta sauti zote kumi na moja, akaifuta yangu mwisho. Jumatatu jioni shefu alituita. "Nimeshaongea na mama," alisema. Zaituni akamuuliza, "Akasemaje?" Papa Anselme alikuna upara wake. "Mama ni mama. Anasikia kile anataka kusikia. Mumuache tu, itamutoka." Hatukuuliza alitumia maneno gani. Kesho yake Mama Feza alitupikia lenga-lenga, mchicha wa kwetu, kama kawaida, na alikuwa na uso uliotulia kuliko nilivyowahi kumwona, na mimi nikauchukua utulivu ule kuwa ni msamaha.

Wiki zilizofuata alinijia mara nyingi. Alikuja na simu yake ndogo ya tochi, akasimama kando ya kiti changu, akifuta mikono kwa kitenge, akaulizia mtandao wa simu. "Deo mwanangu, rezo ya Kabalo leo iko namna gani?" Nami nilimjibu, "Inasumbua, mama." Angeuliza nini kingine, na kwa ajili ya nani mwingine? Lakini nilijiambia labda ana ndugu mwingine kule, labda ni mazoea, labda ni kweli anasikia anachotaka kama shefu alivyosema. Inasumbua, mama. Nilimjibu hivyo kwa miezi. Mara moja aliomba siku kumi akaenda Kabalo mwenyewe, akarudi amekonda, miguu imevimba. Tulikaa naye uani, Zaituni akamkanda miguu kwa maji ya chumvi. "Kabalo ni kubwa," Mama Feza alisema. "Mafundi wa velo ni wengi mno. Lakini nimeacha jina yangu kwa kila mmoja." Zaituni alinitazama juu ya beseni. Nilijua ananiomba nini. Niliingia ndani kubadilisha betri ambayo haikuhitaji kubadilishwa.

Na sanduku lilifanya kazi, hilo ndilo linalonichosha zaidi nikikumbuka. Lilifunguliwa, watu wakapiga, sauti za kweli zikaingia, zenye vikohozi na majogoo na watoto wanaolia nyuma. Hazikuwa na maneno matamu kama yangu. Wengi walitaja majina tu, wakakata. Siku moja mzee wa Nyunzu alikutana na mjukuu wake kwenye baraza letu, msichana mkubwa aliyeachwa Zongwe kwa wavuvi. Walishikana mikono, tukawaingiza mezani. Mama Feza aliwapakulia wao kwanza, bukari ya moto inayofuka, akasimama nyuma yao akiwatazama wakila. "Mumeona," alituambia, "wanafika. Mumoja mumoja, wanafika." Papa Anselme alitoka nje kuvuta sigara ingawa alikuwa ameacha. Mwisho wa mwaka shirika likahamia kwenye mambo mengine, wateja wakapungua, biro ikafungwa. Zaituni alirudi Kigoma kwa muda, mimi nikaenda kufundisha. Siku ya mwisho Mama Feza alitupa kila mmoja samaki wa kukaushwa amefungwa kwenye gazeti, akaniambia, "Ukisikia kitu ya Kabalo, unijulishe." Nikasema ndiyo, mama. Toka siku ile sikupita tena njia ya Katanika.

Hayo yote niliyapitia njiani kwenda mazishi, nikiwa nyuma ya pikipiki na vumbi mdomoni. Mahema yameshakuwa nyumba za tofali, na baadhi zina mabati. Zaituni alikuwa amekaa kwenye mkeka na wanawake, amekuwa mama wa watoto watatu, uso umejaa. Papa Anselme alikuwa kwenye kiti cha plastiki na fimbo kati ya magoti, amezeeka ghafla kama wazeekavyo wagonjwa wa sukari. Tulisalimiana. Aliniuliza habari ya shule, nikamuuliza habari ya miguu. Watu walikuwa wamechoka, nilidhani ni kwa sababu ya kulia. Kumbe walikuwa wanasubiri. Mwili ulikuwa ndani tangu jana yake, na padri alishatuma mtu mara mbili kuuliza.

Mama Ndaya alikuja kwetu akiwa ameshika simu ya tochi ya dada yake. Amekuwa mwembamba, nywele nyeupe, lakini sauti ni ile ile niliyoisikia dirishani. Alipiga goti kidogo mbele ya Papa Anselme kwa heshima. "Papa, ni vizuri mumefika. Ninyi njo mulikuwa na ile mashine. Ninaomba mutupatie namba ya Ilunga. Dada alisema Papa Anselme anayo, alimuambia simu ya Ilunga ikipata rezo atapiga. Hatuwezi kuzika bila kumujulisha mutoto. Tunamungojea tangu jana."

Nilimgeukia Papa Anselme. Alikuwa anatazama ncha ya fimbo yake. "Ulisema uliongea naye," nilimwambia. "Niliongea naye," alijibu, polepole sana. "Nilienda kumuambia. Akanishika mikono, akanibusu mikono hii, Deo. Nikamuambia rezo ni mbaya." Zaituni alijifunika uso kwa mtandio. Sikuwa na hasira naye, na hilo lilinishangaza. Yeye alidanganya mara moja, Jumatatu moja. Mimi niliulizwa kila wiki.

"Mama Ndaya," nilisema, "ile sauti ilikuwa yangu." Alinitazama kama mtu anayesubiri sentensi iishe. Nikamweleza yote, nikiwa nimesimama, mbele ya wanaume waliokuwa kwenye viti na wanawake waliokuwa mikekani: dirisha la jikoni, maneno ya mawe, simu mbovu, mgeni. Koo langu, ambalo siku zote lilinitii, lilikatika mara mbili. Mama Ndaya aliifunga ile simu kwenye pindo la kitenge chake, fundo moja, la pili. "Dada alijua hii?" aliuliza. Papa Anselme akatikisa kichwa kukataa. "Basi alikufa akiwa na mutoto," Mama Ndaya alisema. Akawageukia wanaume. "Mubebe. Tuende."

Sikufukuzwa. Nilitembea na wengine mpaka makaburini, Papa Anselme akiniegemea begani, Zaituni mbele yetu na wanawake. Padri alisali haraka kwa sababu jua lilikuwa kali na tulichelewa. Jeneza likashushwa. Kwao mtoto wa marehemu ndiye anayetupa udongo kwanza, kisha ndugu, kisha watu wote. Wachimbaji walisimama na koleo zao wakimtazama Mama Ndaya, naye alikuwa anatazama njia tuliyokuja nayo, mkono ukikinga macho. Dakika zikapita. Nilidhani nimeelewa, nilidhani kuna kitu kimoja ambacho bado naweza kumfanyia mama yule. Nikainama nikachota udongo.

Mama Ndaya alinishika mkono, akavifungua vidole kimoja kimoja, udongo ukarudi chini.

"Wewe uache," alisema bila kupandisha sauti. "Hii ni ya Ilunga. Tutamungojea kidogo."